Nimeambiwa "kuna sheria ya Marekani inalinda waandishi popote". Niende Goma?

Binti_Kirumba:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Mwanza, habari zangu namuuzia yeyote anayelipa. Wiki iliyopita mhariri mmoja wa Ulaya kaniandikia, anataka nikae Goma siku kumi, nifuatilie waliokimbia vita wanaorudi makwao. Hela yake siipati hapa hata kwa miezi mitatu. Nikamuuliza habari ya bima, na nikikamatwa inakuwaje. Kajibu mstari mmoja: usiwe na wasiwasi, kuna sheria ya Marekani inayolinda waandishi popote duniani.

Nilimsomea mama ule ujumbe, yuko uani anachambua dagaa. Hakuinua hata kichwa. "Hiyo sheria ina gari la kuja kukuchukua?" Nikakosa jibu. Naombeni ushauri, hasa wanasheria.

Wakili_Mstaafu:
Marahaba binti. Mama kamaliza, ila ngoja nifafanue. Huyo mhariri nadhani anaisema ile iliyopewa jina la Daniel Pearl, mwandishi wa Wall Street Journal aliyetekwa Karachi Januari 2002 akauawa. Obama aliisaini Mei 2010. Ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Inaiagiza wizara yao ya mambo ya nje kwamba kwenye ripoti yake ya kila mwaka ya haki za binadamu itaje nchi ambako waandishi wanashambuliwa, na ieleze kama serikali ya huko inashiriki au inafumba macho. Basi. Ni daftari la balozi wa nyumba kumi: jina la mkorofi linaandikwa, na mkorofi anaendelea kupita mlangoni kwako.

Hata alipouawa Khashoggi, mwandishi wa Saudia, mwaka 2021 Wamarekani waliwawekea vikwazo vya viza Wasaudi 76. Mwana mfalme wa Saudia hakuguswa, japo ripoti ya majasusi wa Marekani wenyewe ilisema aliidhinisha operesheni ile.

Jirani_Athi:
Sisi huku Kenya tunamkumbuka Arshad Sharif, mwandishi Mpakistani aliyetoroka kwao akaja kujificha kwetu. Oktoba 2022 polisi walimimina risasi gari alimokuwa, usiku, huko Kajiado. Wakasema walidhani ni gari la wizi. Mjane wake akaenda kortini pamoja na vyama viwili vya waandishi wa hapa, na Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema mauaji yale hayakuwa halali, ikaagiza fidia ya shilingi milioni 10. Angalia waliopigania kesi, dada: mjane na waandishi wa hapa. Kama huna chama, jiunge kabla hujanunua tiketi.

Kijiweni_Tu:
Vaa vesti ya PRESS, utatoka vizuri kwenye picha 😂

Mtu_wa_Birere:
Ndugu, si mambo ya kucheka. Mie niko Goma. Tangu waasi wa M23 waingie Januari 2025, karatasi ya serikali ya Kinshasa inakusaidia upande mmoja, upande mwingine inakuletea maswali. Dada, usije na simu yako ya kila siku. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa, Septemba 2023, simu na kompyuta vikachukuliwa, akakaa gerezani miezi sita kwa sababu ya makala ambayo hata haikuwa na jina lake. Na yule ni mwenyeji, anajulikana. Wewe nani anakujua hapa?

Wakili_Mstaafu:
Huyo wa Birere msikilize kuliko mimi. Kwa upande wa sheria, Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 79, inasema mwandishi vitani ahesabiwe raia. Kijana wa kwenye kizuizi hajaisoma.

Chenye manufaa ni kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa huduma za kibalozi. Ukikamatwa ugenini, sema kwa kinywa chako, "Naomba ubalozi wangu uarifiwe." Usipoomba, hawawajibiki kuupigia. Ila ubalozi wetu uko Kinshasa, na Goma wanaokamata si serikali.

Halafu kuna Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Kongo iliingia Jumuiya 2022, kwa hiyo inashtakika, na hulazimiki kumaliza kwanza mahakama za kwao. Machi 2019 mahakama hiyo hiyo ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Shida ni muda: una miezi miwili tu tangu tukio, au tangu ulipolijua. Ukiwa ndani miezi hiyo, nani nje atafungua shauri? Huyo mtu mtafute sasa, umwachie na nakala ya pasipoti. Na M23 huwezi kuwapeleka pale, wanaoshtakiwa ni nchi na vyombo vya Jumuiya.

Binti_Kirumba:
Asanteni sana, hasa kaka wa Birere. Nimemwandikia mhariri maswali matatu: bima analipa nani, nisipopiga simu jioni nani ananitafuta, na wakili wa Goma ni yupi. Kajibu, "Tutalifanyia kazi." Mama kauliza, "Kazi ya siku ngapi?"

Nimempa pendekezo lingine: Wakongomani walioko kambi ya Nyarugusu, Kasulu, wanaozungumzia kurudi. Kibali najua kinaombwa Wizara ya Mambo ya Ndani, basi la Kigoma nalijua. Hela itakuwa nusu. Tangu juzi tiki mbili za bluu, hajajibu.