Naomba ushauri: binti anasubiri jibu la maombi ya mapema ya chuo cha Marekani, na nyumba nzima haina utulivu

Mama Wawili (Tanga)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo. Binti yangu alimaliza kidato cha sita mwezi Mei kwa mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, matokeo ya Julai yakawa mazuri, na mwanzoni mwa Novemba akatuma maombi ya mapema katika chuo kimoja cha Marekani. Ni yale maombi ambayo mwanafunzi, mzazi na shule hutia saini wote watatu, kwamba akikubaliwa atakwenda hapo na kuyafuta maombi yake mengine yote. Jibu limeahidiwa katikati ya mwezi huu wa Desemba, saa moja jioni kwa saa zao, ambayo kwetu ni saa tisa usiku.

Mtoto hana raha kabisa. Asubuhi namwekea uji, nikirudi kutoka dukani naukuta umefanya utando, naye amekaa palepale anafungua ule ukurasa wa chuo kuona kama kuna kilichobadilika, ilhali tarehe anaijua. Kaka yangu kwa upande wake kila akipiga simu anauliza kwa nini tuliiachia nafasi aliyopata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na bibi yake amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba mjukuu anakwenda Ulaya. Naomba ushauri wenu: nimsaidieje mtoto huyu katika siku hizi zilizobaki, na je, ni busara kuanza maombi ya vyuo vingine kabla ya jibu kutoka, au nitakuwa namtabiria mabaya?

Mwalimu wa Kibaha

Dada yangu, pole na pongezi kwa pamoja. Nimewasimamia wanafunzi wa aina hii shuleni kwetu, na jambo la pili uliloliuliza ndilo litakalotibu la kwanza. Aanze maombi mengine leo. Vyuo vingi vya huko hufunga maombi ya kawaida katika siku za mwanzo za Januari, kwa hiyo anayengoja mpaka jibu la katikati ya Desemba hubakiwa na wiki mbili tu, tena zenye Krismasi ndani yake, kuandika insha za vyuo vitano au sita akiwa na moyo uliovunjika. Nimeziona insha zinazoandikwa katika hali hiyo. Hata mwandishi mwenyewe akizisoma Februari huona haya. Akizimaliza sasa kisha akakubaliwa, atakuwa amepoteza muda ambao hata hivyo angeutumia kuifungua na kuifunga simu.

Barua za walimu zisiwatie hofu, kwani zikishapandishwa kwenye Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, huweza kutumwa kwa vyuo vingine bila mwalimu kuandika upya. Linalohitaji mbio ni jingine: baadhi ya vyuo vina awamu ya pili ya maombi ya mapema, ambayo hufungwa Januari na kujibiwa Februari, na kila mkataba mpya wa namna hiyo huhitaji saini ya shule. Shule zetu hufungwa Desemba, mkuu wa shule anakwenda kwao, na huko kwao pengine mtandao ni wa kupanda mlimani. Zungumzeni naye kabla hajaondoka. Kuhusu ada za maombi, anayestahili huweza kuomba asamehewe, na haoni aibu mtu kwa hilo.

Kaka wa Minnesota

Mama, shikamoo. Mimi nilipita njia hiyo na sasa ninafanya kazi huku. Naona wengi husubiri wakidhani kuna ndiyo na hapana peke yake, kumbe kuna jibu la tatu ambalo ndilo huwachanganya watoto zaidi, nalo ni kusogezwa: chuo hakimkatai wala hakimkubali, kinayarudisha maombi yake katika kundi la kawaida na kumjibu mwishoni mwa Machi. Mwelezeni mapema maana yake, asije akalisoma saa tisa usiku peke yake akadhani amekataliwa. Akisogezwa, ule mkataba unakuwa haumfungi tena, na yuko huru kuomba na kulinganisha popote. Wakati huo aandike barua moja fupi ya kusema bado anakitaka chuo hicho na kuongeza habari mpya iliyo ya kweli, kisha anyamaze. Kuwaandikia maofisa wa udahili kila wiki hakusaidii.

Nikiri kwamba mfumo wenyewe siupendi. Unamnufaisha mwenye uwezo wa kutia saini bila kuuliza bei, na mtoto wa mfanyakazi wa kawaida, anayehitaji kulinganisha misaada ya fedha ya vyuo mbalimbali, ndiye anayebanwa. Harvard, ambayo maombi yake ya mapema hata hayamfungi mtu, iliwahi kutangaza mwaka 2006 kwamba inayaondoa kwa hoja ya namna hiyo, kisha ikayarudisha mwaka 2011. Lakini binti amekwisha kuingia, basi tumsaidie alipo.

Babu wa Pangani

Mwanangu, mimi mambo ya Marekani siyajui, ila nimelea. Huyo bibi usimgombeze, mwambie tu kwamba jambo halijaiva na kwamba maneno yake yanamzidishia mjukuu mzigo. Bibi akiambiwa hivyo hunyamaza. Kaka yako naye mtafutie siku baada ya jibu, si kabla. Na mtoto mpe kazi za mikono, awe anakwenda dukani na wewe, simu ibaki nyumbani. Hilo la saa tisa usiku mimi nisingelikubali. Jibu halitaoza likingoja alfajiri, watu wakiwa wameswali na kunywa chai.

Mama Wawili (Tanga)

Asanteni sana, na shikamoo babu. Nimemsomea binti majibu ya mwalimu, akakasirika kwanza, kisha nikamwona ameifungua kompyuta ya baba yake. Kuhusu usiku huo amesema atafungua mwenyewe, nami nikae chumba cha pili. Nimekubali. Naomba kuuliza moja lililobaki: kaka yangu anashikilia kwamba mtoto asikae bure, bali atafutiwe chuo chochote cha hapa nchini aanze masomo ya shahada huku akisubiri. Je, lina ubaya?

Mwalimu wa Kibaha

Hapo mwende polepole, dada. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu mtu aliyekwisha kusajiliwa katika shahada kwingine kuwa ni mwanafunzi wa kuhamia, na waombaji wa kuhamia wana tarehe zao, nafasi zao ni chache, na kwa mgeni msaada wa fedha huwa mgumu zaidi. Kozi fupi ya kompyuta au kufundisha masomo ya ziada mtaani hakuna tatizo. Kabla ya kumsajili kwenye shahada yoyote, aviandikie barua pepe vyuo anavyoviomba na kuuliza, na majibu yao ayahifadhi.

Kaka wa Minnesota

Naongezea la fedha, kwa sababu kwenye furaha watu hulisahau. Vyuo visivyotazama uwezo wa kifedha wa mwombaji wa nje wakati wa kumchagua ni vichache, kama vile Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Vingine vingi huutazama. Binti akikubaliwa, itafuteni barua ya msaada wa fedha kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, na msiishie kwenye ada. Tazameni chumba na chakula, bima ya afya, vitabu na nauli ya ndege, kisha mwone kinachobaki kwenu kwa mwaka, mkizidisha kwa minne. Ikiwa kiasi hicho hamkiwezi, waandikieni ofisi ya misaada na kuomba waangalie upya, mkiambatanisha ushahidi wa kipato. Wakishindwa kuongeza, familia huruhusiwa kujitoa katika mkataba kwa sababu ya fedha. Ila mjitoe kwa maandishi na kwa haraka, kwani muda wa kuthibitisha huwa ni mfupi, na Januari inakuwa imekaribia.