Familia ya Kostelić na mchezo wa skii: je, inafaa baba awe kocha wa mwanawe?

Mwalimu_Bukwo aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Huku kwetu Bukwo mchezo tunaoujua ni riadha, na theluji wengi wetu tumeiona kwenye televisheni tu. Hata hivyo nina swali kuhusu mbio za skii za milimani, na naomba wenye ufahamu wanisaidie. Binti yangu mkubwa anakimbia mita 1500, nami ndiye ninayempangia mazoezi, kwa sababu kocha wa karibu yuko Kapchorwa na nauli ya kila wiki siimudu. Mwenzangu mmoja wa shuleni, ambaye haupendi mpango huu, kila tukibishana hunitajia Janica Kostelić wa Kroatia: kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha tangu utotoni, akashinda karibu kila kitu, kisha akastaafu akiwa na miaka 25, magoti yakiwa yamechoka. Je, habari hizo ni za kweli, na ni haki kumlaumu mzazi? Tena, je, ni kweli kwamba familia hiyo ilikuwa ya kitajiri na iliurithi mchezo huo?

Mstaafu_Bombo alijibu:

Mwalimu, nianze na hilo la urithi, maana ndipo wengi wanapopotea. Ante Kostelić hakutoka katika ukoo wa skii. Yeye alikuwa mtu wa mpira wa mikono, aliucheza na kuufundisha. Watoto wake, Ivica aliyezaliwa mwaka 1979 na Janica aliyezaliwa mwaka 1982, walikulia Zagreb, jiji lililo chini ya mlima Medvednica ambao kilele chake, Sljeme, kina mita 1033 tu. Nyinyi mnaolima kwenye miteremko ya Elgon mngekiita kilima. Ukisikia leo "familia ya skii ya Kostelić", ujue kwamba ni familia iliyojitengeneza yenyewe.

Utajiri nao haukuwapo. Kroatia ilijitangazia uhuru mwaka 1991 na vita vikaendelea hadi 1995, yaani miaka ileile ambayo watoto hao walikuwa katika umri wa kujengwa. Baba aliwapakia kwenye gari, akavuka mipaka kufuata theluji ya Alpi, na kwa kuwa hoteli hawakuzimudu, walilala garini au kwenye hema. Walichokuwa nacho ni wingi wa mazoezi, kurudia mteremko uleule tena na tena huku mtu mmoja akiwatazama, mtu aliyejua jana goti la mtoto lilikaaje na leo limekaaje.

Kuhusu mafanikio, mwenzako hakutia chumvi. Janica alishiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akiwa na miaka 16. Desemba 1999 alianguka St. Moritz, kano za goti zikakatika, lakini msimu uliofuata alirudi, akashinda slalomu nane (mbio za kuteremka kwa kupinda kati ya nguzo zilizokaribiana) na kutwaa Kombe la Dunia la jumla la 2001, yaani la mwenye pointi nyingi kuliko wote katika mbio za aina zote za msimu. Salt Lake City, mwaka 2002, alipata dhahabu tatu na fedha moja, nazo ndizo medali za kwanza za Kroatia katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mwaka uliofuata, palepale St. Moritz alipoumia, yeye na kaka yake wote wawili wakawa mabingwa wa dunia wa slalomu. Kombe la jumla alilichukua tena 2003 na 2006, na katika Olimpiki ya Turin ya 2006 akaongeza dhahabu moja na fedha moja.

Na kaka mtu msimsahau. Novemba 2001 huko Aspen, Ivica alianza akiwa na namba 64 mgongoni, akashinda. Asiyeujua mchezo huu anaweza kuliona hilo kuwa dogo. Katika slalomu kila anayepita huichimba njia kuzunguka nguzo, kwa hiyo wanaoanza mwanzoni hupata uso laini, na anayefuata baada ya watu sitini hukuta mifereji inayovuta skii upande isikotaka kwenda. Kwa kawaida mtu wa namba hiyo hutafuta tu nafasi katika 30 bora ili aruhusiwe kushuka mara ya pili.

Fizio_Mbarara alijibu:

Naomba niguse magoti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ingawa wagonjwa wangu ni wa soka na bodaboda. Mtelezi huvaa buti gumu lililofungwa kwenye skii, na kifundo chake cha mguu hakiwezi kujipinda. Skii ikinasa ukingo wake kwenye barafu huku mwili ukiendelea kuteremka, nguvu yote ya kuzunguka hupanda hadi gotini, na kano ya ndani inayoitwa kano mtambuka ya mbele ndiyo inayokatika. Vifungio vya buti huachia mtu anapoanguka, lakini vilibuniwa hasa kuulinda mfupa wa muundi. Ongeza na ukweli kwamba njia za mashindano humwagiwa maji makusudi ili zigande na kuwa ngumu, zisiharibike upesi.

Kwa sababu hiyo, majeraha haya huwapata watelezi wa kila aina, waliofundishwa na wazazi na waliofundishwa na mashirikisho. Marcel Hirscher wa Austria, aliyelelewa na kufundishwa na baba yake, alitwaa Kombe la jumla mara nane mfululizo kuanzia 2012 hadi 2019, na katika miaka hiyo yote magoti yake yalimvumilia. Janica mwenyewe hakusumbuliwa na magoti peke yake. Msimu wa 2003/04 ulimpita wote kwa sababu ya upasuaji wa goti pamoja na ugonjwa wa tezi ya shingo. Tezi huwezi kumbebesha kocha.

Kwa binti yako, Mwalimu, hatari ni nyingine kabisa: maumivu ya muundi yanayotokana na kuongeza kilomita haraka. Akilalamika muundi unauma hata akiwa amelala, mpumzishe, usisubiri mashindano yapite.

Mpinzani_Ntinda alijibu:

Ninawaheshimu wakubwa zangu hapo juu, lakini naona tunahesabu waliofika tu. Ni akina baba wangapi waliowalaza watoto wao kwenye hema, na mtoto akaishia kuuchukia mchezo na mzazi pia? Hao hakuna anayeandika habari zao. Kisha tazameni bei ya ukaidi wa mzazi. Marc Girardelli, mzaliwa wa Austria, aliishia kushindana chini ya bendera ya Luxembourg kwa sababu baba yake Helmut hakuelewana na shirikisho la nyumbani kuhusu namna ya kumfundisha. Ni kweli alitwaa Kombe la jumla mara tano, lakini kijana huyo alibadilishiwa bendera kwa ugomvi wa watu wazima. Mimi ningemshauri Mwalimu amtafutie binti jicho la pili, hata kama ni mara moja kwa muhula.

Mwalimu_Bukwo alijibu:

Nawashukuru wote. Hilo la jicho la pili nimelipokea. Likizo ijayo nitampeleka Kapchorwa, akimbie na wenzake mbele ya kocha mwingine nami nikae pembeni. Limebaki jambo moja. Nimesoma kwamba katika slalomu makocha ndio wanaopanga nguzo za njia ya mashindano, na kwamba mzee Ante amewahi kuzipanga. Je, huo si upendeleo wa wazi, baba kumchorea njia mwanawe?

Mstaafu_Bombo alijibu:

Swali zuri, Mwalimu, na hata Ulaya liliwahi kuzua kelele. Makocha wa timu hupigiwa kura kujua nani atapanga njia ya mteremko upi, na kila mtelezi huruhusiwa kuikagua kabla ya kuanza. Katika Olimpiki ya Sochi, Februari 2014, mteremko wa pili wa slalomu ya wanaume ulimwangukia Ante, naye ni mtu anayependa njia ngumu yenye mizunguko isiyo na mpangilio, ya kumlazimisha mtelezi abadili mwendo kila mara. Watelezi wengi walishindwa kumaliza na malalamiko yakawa mengi. Dhahabu ilichukuliwa na Mario Matt, fedha na Hirscher, wote wa Austria, na shaba ikaenda kwa Henrik Kristoffersen wa Norway. Ivica, ambaye siku chache kabla alikuwa amepata fedha katika mashindano ya mchanganyiko (mteremko wa kasi na slalomu pamoja), aliiteremka njia ya baba yake hadi chini na hakupata medali.