Wi-Fi ya masafa marefu kijijini: gharama kubwa iko wapi?

Mwalimu_Tambarare
Salaam, wanajukwaa. Kijiji chetu kiko tambarare chini ya vilima vya Taita, kilomita 20 hivi kutoka Voi, na shule pamoja na zahanati hutegemea vifurushi vya simu ambavyo haviufikishi mwezi. Nasikia redio za Wi-Fi zenye antena za dishi huvuka umbali huo kwa bei nafuu. Je, ni kweli, na fedha nyingi zitaishia wapi?

Fundi_Nguzo
Mwalimu, inawezekana. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli, mtaalamu wa mitandao isiyo na waya, na wenzake waliunganisha vituo viwili vya Wi-Fi vilivyoachana kilomita 382 nchini Venezuela, lakini walikuwa na milima ya kuinulia antena. Kwenye tambarare, kwa mawimbi ya gigahetzi 5.8, katikati ya njia huhitajika uwazi wa mita 10 hivi chini ya mstari unaounganisha antena mbili, na mviringo wa dunia hula mita nyingine 6, kwa hiyo mtasimamisha nguzo za mita 16 kila upande, na hapo miti haijahesabiwa. Redio zenyewe ni za bei nafuu. Nguzo, kinga ya radi, sola na betri ndivyo vitakavyowamaliza. Tafuteni kilima kinachoonekana kutoka pande zote mbili, mweke hapo kituo cha kupokea mawimbi na kuyarusha upande wa pili. Tena, rekebisheni kipimo cha umbali ndani ya redio, la sivyo itadhani data imepotea na kuirusha upya kila mara.

Mshirika_Hesabu
Fundi amesema kweli, ila nguzo hulipiwa mara moja, ilhali intaneti ya kule mjini mtailipia kila mwezi, na hapo ndipo miradi mingi hukwama wafadhili wakishaondoka. Wanakijiji wa Mankosi, Afrika Kusini, walianzisha ushirika wa Zenzeleni, na umeme wa sola wa vituo vyao ukawa pia unachaji simu za majirani kwa malipo madogo. Kuhusu leseni, waulizeni Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa Kenya sasa ina kundi la leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii.

Mwalimu_Tambarare
Ahsanteni sana. Kilima kipo, ila ni ardhi ya ukoo mmoja.

Mshirika_Hesabu
Basi andikianeni mkataba na wazee wa ukoo huo kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, nao wapewe intaneti kama sehemu ya kodi ya ardhi.