Nyota wa besiboli wa Japani wakihamia Marekani, takwimu zao zisomwe vipi?

Kijiti88
Wakuu, Hideki Matsui alipiga homurani 50 (mipira inayovuka uzio) akiwa Yomiuri Giants ya Japani mwaka 2002. Msimu uliofuata yuko Yankees ya Marekani, zikawa 16. Lakini warushaji kama Masahiro Tanaka na Yoshinobu Yamamoto hawakuporomoka namna hiyo. Kuna kanuni ya kupunguza takwimu za NPB (ligi kuu ya Japani), au kila mchezaji na lake? Na ile ada inayolipwa klabu ya Japani mchezaji akihama inakokotolewaje?

MkonoKushoto
Kanuni moja hakuna mkuu. Kinachokatwa zaidi ni nguvu. Kazuo Matsui aliondoka Seibu na homurani 33, Mets 2004 akapata 7. Seiya Suzuki alipiga 38 Hiroshima mwaka 2021, kisha 14 Cubs, ingawa huo mwaka alicheza mechi 111 tu. Mipira ya kasi ya Marekani ina kasi zaidi, na mingi hainyooki: inazama au kukata pembeni ikikaribia gongo. Mpigaji akiukosea kidogo anaugonga upande wa juu, unabingirika chini hadi kwa beki wa besi ya pili. Hideki alipiga ya hivyo mingi sana 2003. Mwaka wa pili alifika homurani 31, kwa hiyo msimu wa kwanza pekee usikupe hukumu.

Anayejua kuugusa mpira tu, hashuki sana. Ichiro Suzuki, Marekani 2001: wastani wa kupiga 0.350, hiti (mipigo inayomfikisha besi) 242.

Tazama mguu wa mbele pia. Wapigaji wengi wa Japani huunyanyua juu kabla ya kupiga, na mpira wa kasi unawakuta mguu bado uko hewani. Shohei Ohtani, anayepiga na kurusha pia, alichemsha vibaya kwenye mechi za maandalizi 2018 huko Marekani, wastani 0.125. Msimu ulipokaribia akaacha kunyanyua mguu, akawa anainua kisigino tu vidole vikibaki chini. Alimaliza na homurani 22.

Spliti_Kali
Kwa warushaji, anza na mpira wenyewe. Wa NPB ngozi yake inanata kidogo na umbo lake ni dogo kwa kiasi fulani. Wa MLB (ligi kuu ya Marekani) unateleza, ndiyo maana hupakwa tope kabla ya mechi. Anayerusha spliti, mpira uliobanwa kati ya vidole viwili, ndiye anayeteseka zaidi: ukimponyoka hauzami, unabaki usawa wa kiuno.

Halafu ratiba. Japani mwanzilishi (mrushaji anayeanza mechi) hurusha mara moja kwa wiki, timu ikicheza mechi 143. Marekani ni mechi 162 na kawaida mapumziko ni siku nne au tano. Mets walimwongezea mrushaji Kodai Senga siku za kupumzika mwaka 2023: mechi 29 alizoanza, akaruhusu mikimbio 2.98 kwa kila iningi 9 (iningi ni kipindi cha mchezo). Yamamoto naye kwa kipimo hicho alitoka na 1.21 Orix, klabu yake ya Japani, akapata 3.00 Dodgers 2024, tena iningi 90 tu kwa sababu bega lilimsumbua.

Viwiko ndiyo balaa. Matsuzaka, Darvish na Ohtani wote walifanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko wakiwa tayari Marekani. Ya Tanaka ilichanika kidogo Julai 2014, akaendelea bila kisu. Nisingeitupia ratiba lawama yote, wengine mikono ilishatumika mno tangu sekondari.

HesabuZaBesi
Ada: timu ya MLB inalipa asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, 15 ya kinachobaki. Yamamoto alisaini milioni 325. Basi ni 5 + 4.375 + 41.25 = dola milioni 50.625 kwa Orix, juu ya mkataba. Aliye chini ya miaka 25 hapati mkataba mkubwa, analipwa kutoka fungu dogo la fedha za wachezaji chipukizi wa kimataifa. Ndiyo maana Ohtani alikwenda Angels kwa bei ya kutupa.

Kijiti88
Kwa hiyo mrushaji wa Japani akitangazwa kuhamia Marekani nitazame nini kwanza?

Spliti_Kali
Iningi alizorusha misimu mitatu ya mwisho, na idadi ya besi za bure anazotoa, yaani mpigaji anapewa besi ya kwanza kwa sababu mrushaji amekosea shabaha mara nne. Usidanganywe na ushindi. Matsuzaka 2008 alishinda 18 akapoteza 3, lakini aligawa besi za bure 94 ndani ya iningi 167 na ushee, na hakuurudia msimu kama huo tena.