Sedani yangu inakwangua kila tuta, naombeni ushauri wa spesa

Bawaba: Wakuu, nina sedani kubwa ya kifahari, ndefu. Kila tuta inakwangua tumboni na roho inaniuma. Nataka kuweka spesa (vipande vya kuinua bodi juu ya saspenshi) pamoja na matairi manene, nitoke 245/45 R18 niende 235/55 R18. Je, haitayumba?

Mzee wa Gia: Hayo matairi yanaongeza kipenyo kama milimita 38, kwa hiyo gari inapanda nusu yake tu, 19. Spidomita itasoma chini ya mwendo halisi. Na ukikata kona hadi mwisho, tairi linaweza kusugua fenda.

Njiwa: Gari ndefu tumbo ndilo linaloumia. Lipitie tuta mshazari, tairi moja moja. Mimi nilipata akili baada ya kupasua sampo, bakuli la oili chini ya injini, nikalala njiani na watoto.

Kitasa: Mkuu, saspenshi yako ni ya springi au ya mipira ya upepo?

Bawaba: Ni upepo. Ila fundi ameshabadilisha urefu wa vijiti vya sensa ya kimo, gari idhani iko chini ijipandishe yenyewe. Ilipanda vizuri tu, na fundi huyu namwamini.

Kitasa: Hilo ndilo la kuanza nalo! Umeidanganya sensa, huenda ugonjwa bado upo.

Babu Stelingi: Upepo mmeukuta. Citroën DS, gari la Kifaransa, ilitoka 1955 na saspenshi ya mafuta na gesi, kimo unachagua kwa wenzo. Mjomba alikuwa nayo. Asubuhi akiwasha inainuka nyuma kwanza, kama ngamia. Tulikuwa tunaamka mapema kuitazama.

Mkweli: Mwanzo spesa, mara upepo, sasa vijiti. Mwenye gari la hivyo hajui limekaa juu ya nini? Hii chai.

Bawaba: Si chai. Sikutaja upepo kwa sababu kila nikiutaja naambiwa niuze gari. Nimepima kwa futi kamba, katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda. Mbele kulia: jana jioni sm 38, leo alfajiri 32. Kushoto: 38, ikawa 37.5.

Kitasa: Sentimita 6 usiku mmoja, tena upande mmoja! Huo upepo unavuja. Kompresa, pampu ya upepo, inajaza bila kupumzika, mwisho itaungua. Pulizia maji ya sabuni kwenye mpira na maungio ya paipu, gari ikiwa imejaa upepo. Usiingie chini yake kwa kutegemea jeki, inaweza kukushukia.

Mkweli: Kwa vipimo hivyo nakuamini. Samahani mkuu.

Bawaba: Nimerudi. Povu linachemka kwenye mkunjo wa chini wa mpira wa kulia, mapovu madogo madogo, nikifuta yanarudi. Vijiti kesho vinarudishwa kama vilivyokuwa. Matairi nilishalipia nusu, lakini nasitisha.

Kitasa: Mpira wa kushoto una umri gani?

Bawaba: Mipira yote miwili ilifungwa siku moja.

Kitasa: Basi agiza miwili.