Tupeane uzoefu: uliyetibiwa uraibu kwa lugha na desturi zisizo zako

Mtulivu: Jana nimemsindikiza mdogo wangu kliniki. Kapewa fomu, kaitazama, kairudisha kimya. Nikakumbuka yangu. Sisi tulio wachache kati ya wengi, mlipitaje?

MamaWawili: Mkalimani wangu alikuwa mwanangu, miaka 11. Nilikuwa siku ya 3 ya arosto, yaani mwili unadai dawa za kulevya, mifupa inauma, pua inachuruzika, yeye kakaa katikati yetu na begi la shule mapajani. Daktari akauliza kitu. Mtoto akanyamaza, kisha akaniambia, "Anauliza kama unapata usingizi." Nikasema hapana. Daktari akaandika, akaendelea. Miaka 6 baadaye ndio ananiambia: swali lilikuwa kama nawaza kujiua. Aliogopa kulitamka, akaogopa na jibu. Na jibu lilikuwa ndiyo.

Kimya_Kimya: Hapo kwenye begi la shule nimelia.

Mzoefu12: Daini mkalimani wa kazi! Na mnasihi wa jamii yenu.

Zuhura_K: Wa jamii yetu? Wangu alikuwa wetu, wiki haikuisha mama mkwe kashajua. Tafuteni mgeni kabisa.

Mzoefu12: Huyo alivunja siri, jamii haina kosa. Mnasihi mgeni aliniuliza baba anafuata nini kwenye kikao, eti nijitegemee. Kwetu nani anapona peke yake?

Jabali: Methadoni, hiyo dawa ya kunywa wanayokupa badala ya heroini, ni kubadilisha ulevi tu. Acheni kavukavu, bila dawa yoyote.

Nuru_Njiani: Jabali, usiwaambie watu hivyo. Kaka yangu aliacha kavukavu wiki 3, akarudia kipimo chake cha zamani. Mwili ulishapoteza ule uzoefu wa kukihimili. Tulimzika. Na mnaofunga Ramadhani: methadoni kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, muombeni daktari aihamishie baada ya futari. Mimi nilipangiwa saa 5 asubuhi, nikaona haya kusema, nikaacha dozi.

Jabali: Pole, dada. Sikujua.

Mzee_Baraka: Kupona pamoja kupo: Alkali Lake, Kanada, jamii ya wenyeji asilia. Mwaka 1972 Phyllis Chelsea aliacha pombe baada ya bintiye mdogo kukataa kurudi nyumbani. Mumewe Andy, aliyekuja kuwa chifu, akafuata. Wakarudisha ibada zao za jadi, na wengi wakaacha.

Zuhura_K: MamaWawili, na mtoto mlizungumza?

MamaWawili: Kidogo. Hapendi.

Mtulivu: Mdogo wangu anarudi Alhamisi. Mkalimani naombea wapi?

MamaWawili: Mapokezi. Piga leo, usingoje asubuhi ile.