Nimeuliza mwanangu kasoma nini muhula mzima, najibiwa "kageuze bajia zako"!

Bi Kunde wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kikao cha wazazi shuleni kwetu hapa Tanga sasa hivi, hata baibui sijavua. Mikono inatetemeka, naandika hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu simtaji jina, wala hana haja ya kutajwa. Anayekaa Ngamiani anamjua, anayekatiza Ngamiani kwa baiskeli anamjua. Yule wa suti ya kaunda na kalamu nne mfukoni, akianza "ndugu wazazi" jua linahama Chumbageni linakwenda kuzama Amboni, naye ajenda ya kwanza bado hajaigusa. Huyo huyo.

Shule zinafungwa, tumeitwa kuchukua ripoti. Nimekaa mbele kabisa, kwenye dawati la watoto wa la kwanza, magoti yamenigusa kidevu, sikusema kitu. Tukasomewa mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa karatasi za mitihani. Masomo? Hayakutajwa hata kwa bahati mbaya. Maswali yakaruhusiwa. Nikanyoosha mkono, nikasimama kwa adabu zote alizonilea nazo bibi yangu, nikasema: "Mwalimu, shikamoo. Naomba kujua mwanangu wa darasa la tatu muhula huu amesoma nini katika kila somo, maana madaftari nimeyapitia sijaelewa."

Akanitazama kwa juu ya miwani. Akasema, mbele ya wazazi wote, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mbele ya SHEMEJI YANGU: "Mama, mtaala tuachie wenyewe. Wewe nenda kageuze bajia zako zisije zikaungua."

Wakacheka! Kicheko kimefika Pongwe. Mpaka yule anayedaiwa bajia zangu tangu Ramadhani naye alicheka, magego yote nje.

KAGEUZE BAJIA ZAKO.

Haya. Sasa mgeuza bajia awaambie. Mtoto wa la tatu ana Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Vitabu Taasisi ya Elimu imeviweka mtandaoni bure, nimevisoma usiku kwa simu hii hii yenye mafuta. Nikachukua madaftari ya mwanangu, nikayapanga kitandani moja moja.

Hisabati limejaa. Kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa, jedwali la kuzidisha, kila ukurasa umesahihishwa. Yule binti mwalimu wake Mungu ambariki, na sijui anafanyaje kazi chini ya mtu yule. Kiswahili kuna imla na kisa cha sungura, sawa. Kiingereza wameandika siku za wiki, kuna "Wensday" imepigwa tiki nyekundu inayoonekana hadi bandarini. Sayansi kuna mchoro wa jino, mzuri, halafu kurasa nyeupe. Jiografia wamechora pande kuu za dunia, kaskazini imesahauliwa. Mtoto wa pwani, anayejua upepo wa kaskazi unaleta nini baharini, hana kaskazini daftarini!

Historia ndiyo iliyonimaliza. Kurasa tatu, Januari mpaka Juni. Wa kwanza una tarehe. Wa pili umeandikwa "Historia ni nini?" na jibu halipo. Wa tatu una mti wa ukoo umekatika kwa babu, na babu mwenyewe hana jina. Mwanangu hapa Tanga anapishana na reli kila siku, hajui kwamba ilianza kujengwa 1893, ya kwanza nchini, na kwamba ilichukua mpaka 1911 kufika Moshi. Mwaka huo huo wa 1893 ndio Mjerumani Hindorf aliingiza mkonge, mkonge ambao babu yake huyu mtoto, huyo asiye na jina daftarini, aliukata mpaka mgongo ukapinda. Hajui kwamba Shaaban Robert alizaliwa 1909 hapo Vibambani. Hajui kwamba Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa na jeshi lao kutoka India wakapigwa, na nyuki nao wakawaongezea. Somo linaitwa Historia ya Tanzania, na tumeikalia!

Nikauliza. Nikaambiwa nikageuze bajia.

Na hizo bajia anazozidharau ndizo zimemfundisha mwanangu hesabu kabla hajashika chaki. Kunde kilo ngapi, mafuta bei gani, zimetoka bajia ngapi, tumeuza ngapi, faida iko wapi. Anaroweka kunde jioni, asubuhi anaona zimevimba, ganda linavuka, ananiuliza kwa nini. Hiyo si Sayansi? Sare aliyovaa imetoka kwenye karai. Madaftari hayo matupu nimeyanunua kwa karai!

Mwakani yuko la nne, kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango anarudia darasa. Siku hiyo atarudia nani, mimi au mwenye kaunda suti?

"Zisije zikaungua." Kwa sauti ile ya mtu anayefukuza kuku jikoni. Na mkono akapunga. Mkono!! Sitaki pole zenu. Nataka mtu aniambie alipata wapi ujasiri wa kupunga ule mkono.

---

Mkonge Mbichi

Siti ya mbele nimewahi, wengine mkae kwenye madawati ya la kwanza.

---

Nazi Mbata

Nimesoma mpaka mwisho bila kupumua. Swali moja tu, dada: ziliungua au hazikuungua?

---

Jirani wa Barabara ya Saba

Nilikuwepo. Mkono ulipungwa. Nathibitisha.

---

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu, si wa shule hiyo. Dada una haki. Kila mwalimu wa somo anatakiwa kuwa na azimio la kazi, limeonyesha wiki kwa wiki kitakachofundishwa na vipindi vingapi. Kuna andalio la kila somo, na kuna shajara ambamo tunajaza kilichofundishwa kweli. Mzazi akiuliza, unafungua azimio unamwonyesha, dakika tano yamekwisha. Ila na nyie wazazi mtuonee huruma. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia, kitabu kimoja wanainamiana watano, wa sita anasoma mgongo wa mwenzake. Nikisahihisha Hisabati, Historia inanisubiri mpaka nyumbani, na nyumbani umeme hakuna.

---

Bi Kunde wa Ngamiani

Mwalimu Chaki, shikamoo. Umeona? Umenijibu kwa maneno machache, kwa heshima, wala hunijui. Azimio la kazi! Angesema hilo tu ningekaa chini na dawati langu. Badala yake MKONO.

---

Nazi Mbata

Swali la bajia bado halijajibiwa.

---

Kaka wa Raskazone

Mama, tusidanganyane. Mtoto wa la tatu unamuuliza vita vya 1914? Mimi nina stashahada na nilikuwa nadhani wale nyuki ni hadithi za wavuvi. Mwache mtoto acheze.

---

Bi Kunde wa Ngamiani

Kaka, stashahada yako kaa nayo. Mwanangu nimemsimulia jana usiku hiyo ya nyuki, akaniomba nirudie mara mbili, leo asubuhi ameisimulia mtaa mzima. Anaelewa. Hajafundishwa tu.

---

Mwana wa Kaole

Nyie wa Tanga mnalilia kurasa tatu? Njooni Bagamoyo muone msiba. Wa kwangu somo la Sanaa na Michezo muhula mzima wamefagia uwanja. Kufagia! Mji wenye chuo cha sanaa ambacho watu wanatoka nchi za nje kuja kujifunza ngoma, mtoto wangu anarudi na vumbi la fagio. Magofu ya Kaole yapo hapo, misikiti ya kale, mtoto anaweza kwenda kwa miguu. Hawajapelekwa hata siku moja. Kila Ijumaa anaambiwa alete kitu: fagio, dumu, udongo wa mfinyanzi, boksi tupu. Udongo nilitafuta mpaka mtoni. Hadi leo sijaona hata kikombe kilichofinyangwa. Udongo wangu uko wapi?

---

Mkonge Mbichi

Bagamoyo nyie mlikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891, mkanyang'anywa. Sasa mnalilia udongo.

---

Mwana wa Kaole

Usituletee dharau, ninyi mji wenu umejaa baiskeli.

---

Mama wa La Saba Mtarajiwa

Jamani, mnaolia na watoto wa la tatu mna bahati, hao ni mtaala mpya, wanaishia la sita. Wangu alikuwa la nne Januari 2024 mtaala ulipoanza, akabaki na wa zamani. Mdogo wake alikuwa la tatu, akaingia mpya. Piga hesabu: mwaka 2027 mkubwa anamaliza la saba na mdogo anamaliza la sita, kwa pamoja! Januari 2028 nanunua sare mbili za sekondari, magodoro mawili, matranka mawili. Nimeuliza kikaoni kwetu tutajiandaaje, nikaambiwa "Mungu atafungua njia". Mungu anafungua, lakini duka la sare halikopeshi.

---

Chaki Nyeupe

Hilo kweli ni zito. Na madarasa hayo mawili yakiingia kidato cha kwanza pamoja, walimu ni sisi sisi.

---

Nazi Mbata

Bajia zenyewe za kunde au za dengu? Maana za dengu zikiungua si hasara kubwa.

---

Jirani wa Barabara ya Saba

Za kunde. Na chatne ya nazi. Usiseme vibaya juu ya bajia zile, utapigwa na mtaa mzima.

---

Kaka wa Raskazone

Chatne ya nazi haiendi na bajia za kunde, inakwenda na kachori. Mtu wa Tanga anajua.

---

Mkonge Mbichi

Toka hapa. Kachori inaliwa na ukwaju.

---

Bi Kunde wa Ngamiani

Nimefungua uzi wa HISTORIA. Kurasa tatu! Nani kauliza ukwaju?

---

Shangazi wa Mikanjuni

Mimi sina shida na walimu, shida yangu ni makonda. Watoto wanatoka shule mchana, jua la Tanga mnalijua, wanasimama kituoni na mabegi, daladala inapita tupu, konda anapiga kelele "wanafunzi hapana". Wa kwangu amefika magharibi. Masomo hayo manane atayasoma saa ngapi?

---

Mwana wa Kaole

Huku kwetu konda anawaruhusu wawili tu, tena wasimame. Mtu mzima akiingia mtoto anashushwa njiani.

---

Jirani wa Barabara ya Saba

Shangazi, ni yule wa kofia nyekundu? Anayening'inia mlangoni anatafuna mirungi?

---

Shangazi wa Mikanjuni

Huyo huyo! Wala simtaji. Juzi alimwambia binti yangu "we mwanafunzi, kapande punda". Kapande punda! Mtoto wa watu!

---

Nazi Mbata

Punda wa Tanga au wa Bagamoyo?

---

Mkonge Mbichi

Shangazi fungua uzi wako, na namba ya gari uiandike. Tunahamia huko.